Waridi Dogo la Chunguni: Lilikotoka, na Kwa Nini Linakufa Chumbani kwa Bibi Harusi



Tangu vyungu vya mawaridi madogo vianze kuonekana kwenye harusi za hapa mjini, swali tunaloulizwa dukani ni moja: mbona yanakufa? Bibi harusi anapewa chungu kimechanua vizuri, kimefungwa utepe, kinawekwa kwenye kimeza kando ya kitanda, dirisha limefungwa na kiyoyozi kinavuma. Fungate haijaisha, majani yamekuwa ya njano na yanapukutika. Hapo maneno ndipo yanapoanza. Mwaka huu amekuja kwetu bibi harusi mmoja kurekebisha baibui, macho yamemvimba, kwa sababu wifi yake kamwambia ua likifa chumbani kwa mwari si dalili njema.

Hilo tuliseme kabla ya yote. Dini yetu imetukataza kuchukua fali mbaya kwa vitu namna hiyo. Ua limekufa kwa kukosa mwanga na kwa maji ya chumvi, basi. Halimjui wifi wala halijui ndoa.

Lakini kulijibu swali kwa ufupi hivyo hakutoshi, kwa sababu waridi hili limewahi kuishi ndani ya nyumba za watu kwa vizazi, tena nyumba za wakulima wa milimani wasiokuwa na mbolea ya duka. Kwa nini liishi kwao na life kwetu? Jawabu limo katika historia yake, na historia yenyewe ni tamu.

Tuanze na waridi tunalolijua sisi. Mwanamke wa Kizanzibari akisema waridi, pua yake inakumbuka marashi: mrashi wa fedha unapita kwenye maulidi, marashi ya waridi kwenye tambi na kaimati, au matone kwenye maji ya kuoga. Marashi mazuri mengi tunayoletewa na ndugu zetu wa Oman yanatoka Jabal Akhdar, milima ya kiasi cha mita 2,000 juu ya bahari. Kule wanachuma mawaridi kuanzia mwisho wa Machi hadi katikati ya Mei, mapema kabla jua halijakauka umande, na wanayakamua kwa mvuke kwenye majiko ya udongo. Waridi lile ni la ukoo wa Damaski. Linanukia kupita kiasi, lakini lina masharti mawili: linataka baridi ya mlimani ili lipumzike, na linachanua msimu mmoja tu kwa mwaka. Ukilileta Unguja ukalitia chunguni, utafuga majani. Kwa hivyo sisi wa pwani tunayapokea maji yake yakiwa chupani, na hiyo ni neema tosha.

Waridi dogo la chunguni si la ukoo huo. Asili yake ni China.

Wakulima wa bustani wa China walikuwa na miwaridi inayochanua mwezi baada ya mwezi. Jina lake kwa lugha yao, yueji, limebeba neno "mwezi" ndani yake. Ulaya wakati huo mawaridi yao karibu yote yalichanua mara moja kiangazi kikianza, kisha basi mpaka mwaka ujao. Miwaridi ya China ilipoanza kufika Uingereza, mmoja mwekundu mwaka 1792 na mwengine wa rangi ya pinki mwaka 1793, ilikuwa kama ajabu. Mti ambao hauna msimu! Karibu kila waridi la leo linalochanua mfululizo, hata yale ya vikapuni yanayoshuka bandarini kutoka bara, lina damu ya miti ile ya China.

Miti hiyo ilisafiri kwa jahazi kubwa za biashara, kupitia bahari hii hii yetu ya Hindi. Na hapa ndipo kisa kinatukaribia sisi watu wa visiwani. Mwaridi mdogo kabisa wa aina ya China, ule mfupi wenye maua ya kiasi cha kifungo cha koti, uliandikwa na mtaalamu wa bustani wa Uingereza Robert Sweet kwamba ulifika kwao kutoka kisiwa cha Mauritius karibu na mwaka 1810. Ulifikaje Mauritius? Kisiwa kile kilikuwa kituo cha meli zinazokwenda na kurudi Mashariki, Wafaransa walikuwa na bustani kubwa ya miti ya kigeni pale Pamplemousses, na mwaka huo huo wa 1810 Waingereza wakakiteka. Mti uliokwishazoea joto la kisiwa cha bahari ya Hindi ndio uliokwenda kuwa bibi wa mawaridi ya madirishani Ulaya. Tukisikia mtu akisema "maua haya ni ya wazungu, hayawezi joto letu", tunacheka kidogo.

Waingereza waliupa mwaridi huo jina la mwanamke, Miss Lawrance. Huyu ni Mary Lawrance, mchoraji wa maua aliyekuwa pia akifundisha uchoraji, na mwaka 1799 akakamilisha kitabu kizima cha michoro ya mawaridi tu. Tunampenda kwa sababu moja: aliishi kwa kazi ya mikono yake, kama sisi. Michoro yake wataalamu wa baadaye waliisema vibaya, kwamba haikuwa sahihi sana, lakini jina lililobaki kwenye ua ni lake na si lao. Ufaransa nako mchoraji mashuhuri Redouté akauchora mwaridi mdogo wa aina hiyo hiyo. Ikawa mtindo: vyungu vidogo vya mawaridi vikiuzwa mijini kwa watu wasiokuwa na bustani, wakaviweka madirishani.

Mitindo ya maua ni kama ya magauni. Iliyovuma nusu ya kwanza ya karne ya 19 ikachakaa nusu ya pili. Watu wakataka mawaridi makubwa, mapana, ya kushindanishwa. Ile midogo ikatupwa, na kufikia karne ya 20 kuanza ilikuwa karibu imesahaulika.

Sasa sikilizeni ilivyonusurika. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, daktari mmoja wa jeshi la Uswisi aitwaye Roulet alipita kijiji cha Mauborget, juu kwenye milima ya Jura, akaona madirishani vyungu vya mwaridi mdogo mno, wenye urefu wa sentimita chache tu na maua ya pinki. Wenyeji walimwambia ulikuwa kwenye familia zao kwa zaidi ya miaka mia, na kwamba unachanua mwaka mzima. Alimweleza rafiki yake Henry Correvon, mkulima wa maua wa Geneva, wakaenda pamoja kuutafuta. Walipofika wakakuta kijiji kimeungua moto na vyungu vimekwenda na nyumba. Ingelikuwa ndio mwisho wa hadithi. Lakini katika kijiji cha jirani cha Onnens kulikuwa na mti mmoja wa mbegu ile ile. Wakachukua vipandikizi, Correvon akaukuza, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 akautangaza kwa jina la rafiki yake: Rosa rouletii.

Karibu mawaridi madogo yote yanayouzwa duniani leo yana damu ya mti ule. Chungu kimoja dirishani kwa jirani! Wenyewe hawakuwa na elimu ya mimea, hawakuuza mbegu. Mtu alimkatia mwenzake kijiti, naye akakichomeka kwenye udongo.

Baadaye kazi ilikwenda haraka. Uholanzi, katika mji wa Boskoop, Jan de Vink aliuchanganya mwaridi wa Correvon na waridi jengine lenye vichala, akapata mwekundu wenye kitovu cheupe. Mmarekani Robert Pyle wa Pennsylvania akauona, akaupeleka kwao na kuuza kuanzia mwaka 1936 kwa jina la Tom Thumb. Hispania Pedro Dot akatoa wa manjano, Baby Gold Star, mwaka 1940. Na California, katika mji wa Visalia, kulikuwa na Ralph Moore, aliyefungua kitalu chake mwaka 1937 na kuzalisha mawaridi madogo mamia: yenye mistari, ya kutambaa, hata yenye vikonyo vya manyoya kama kuvu. Alizaliwa 1907 akafariki 2009. Mtu wa miaka 102, na karibu mpaka mwisho alikuwa akichavusha maua kwa mkono.

Hapa tuna ugomvi mdogo na mabwana hawa. Walitafuta udogo, rangi, na kuchanua bila kusita, na vyote walivipata. Harufu wakaiacha nyuma. Mawaridi madogo mengi ya vyungu hayanukii, au yananukia kwa kuombwa. Kwa mwanamke wa Kizungu anayetaka pambo la dirisha si kitu. Kwetu sisi, ua lisilonukia ni nusu ya ua. Huwezi kulifungia kikuba pamoja na asumini, mkadi na rehani ukategemea lifanye kazi ya waridi la uwani.

Na kuna jambo zito zaidi kuliko harufu. Kuanzia miaka ya 1980 mawaridi ya vyungu yakawa bidhaa ya viwandani, Denmark ikiwa mbele: nyumba za vioo, taa za umeme, joto na unyevu vikipimwa kwa mashine, na dawa za wadudu. Mawaridi ya kukata yanayolimwa kwa biashara nayo hupigwa dawa. Dawa hizo zimekusudiwa mapambo, hazikukusudiwa ngozi ya mtu wala kinywa chake, na nyengine huingia ndani ya mmea zisitoke kwa kuoshwa. Sasa fikiria mwari anayefanyiwa singo siku kadhaa mfululizo, anasuguliwa petali zilizopondwa kwenye mwili mzima na uso. Masomo wetu wa zamani walichuma uwani kwao au kwa jirani wanayemjua. Siku hizi tumeona petali za maua ya duka zikitiwa kwenye singo kwa sababu ni nyekundu na zinapendeza kwenye picha. Tunawaomba sana, msifanye hivyo. Singo litiwe mawaridi ya mtu unayemjua hapigi dawa, na kama hayapo, asumini na mpompia peke yake ni bora. Ua la chunguni liacheni libaki chunguni.

Tukirudi kwenye swali la mabibi harusi, historia sasa inatujibu. Mti huu umetoka ukoo wa China, hauhitaji baridi, umepita Mauritius: joto la Unguja haliuui. Uliishi vizazi Mauborget, lakini uliishi dirishani, kwenye mwanga, kwenye hewa. Kinachouua ni kutolewa kwenye nyumba ya kioo yenye taa na unyevu, ukatiwa chumba chenye pazia zito na hewa kavu ya kiyoyozi. Hakuna kiumbe kingestahamili.

Kwa hivyo jambo la kwanza ni mwanga, si chini ya saa sita kwa siku karibu na dirisha lililo wazi. Nyumba zetu za Mji Mkongwe kuta ni nene na vichochoro vyembamba, madirisha ya chini hayapati jua hata saa mbili. Utie juu darini, au kwenye uwa wa kati wa nyumba kama mnao. Dirisha la mashariki ndilo zuri kuliko yote kwa sababu jua la asubuhi ni laini. La magharibi nalo linafaa, ila mwezi wa Januari na Februari, wakati wa kaskazi, weka pazia jepesi la vuali mchana. Mabaki ya kitambaa cha shela yanatosha kabisa. Ukipenda ua likae chumbani wageni wakija, lilete jioni, asubuhi lirudishe.

La pili ni maji, na hili tungetamani kila mtu wa kisiwani alijue. Visima vyetu vingi vya karibu na pwani vina chumvi. Onja maji kabla ya kumwagilia. Ulimi ukihisi munyu, mti utahisi zaidi. Chumvi inajikusanya chunguni, kila ukimwagilia maji hayo inaongezeka, na dalili yake ni ncha za majani kuungua rangi ya kahawia. Kingeni maji ya mvua wakati wa masika na vuli, madumu matatu yatawavusha wiki nyingi kwa mti mdogo kama huu. Mwagilieni asubuhi, kwenye udongo na sio juu ya majani, mpaka maji yatoke chini, kisha mmwage yaliyobaki kwenye kisahani. Tia kidole: udongo ukiwa mkavu mpaka kiungo cha kwanza, mwagilia, ukiwa na unyevu, acha. Na lile karatasi linalong'ara la zawadi livuliwe siku hiyo hiyo, maana linazuia maji kutoka na mizizi inaoza.

Udongo nao una kisa. Ardhi yetu nyingi imekaa juu ya mawe ya matumbawe, ina chokaa, na mwaridi hauipendi. Majani yakiwa njano huku mishipa imebaki kijani, ujue mti unashindwa kunyonya chuma kwa sababu ya chokaa, hata kama chuma kimo. Hata chungu kilichowekwa chini ya ukuta wa zamani unaopukutika kinaweza kuharibiwa hivyo. Sisi tunachanganya udongo mwekundu wa shamba, samadi iliyokwisha kuoza vizuri, na makumbi ya nazi yaliyochambuliwa. Makumbi yawe mapya ya shamba. Yale yaliyofukiwa pwani kwa kusokota kamba yamelala kwenye maji ya bahari miezi, na hata ukiyaosha mara tatu chumvi haiishi.

Mtakapotoa mti kwenye chungu cha duka mtashangaa: mara nyingi si mti mmoja, ni miche mitatu au minne iliyobanwa pamoja ili chungu kionekane kimejaa. Inagombania maji na chakula, na wa katikati hufa mwanzo. Itenganisheni polepole, kila mmoja upate chungu chake chenye tundu. Kopo la maziwa lililotobolewa linafaa.

Kiyoyozi kinakaribisha mdudu mmoja, utitiri mwekundu, mdogo kuliko tundu la sindano. Anapenda hewa kavu na anakaa chini ya jani. Gonga jani juu ya kitambaa cheupe; ukiona vidoto vinatembea, ndiye. Hahitaji dawa. Peleka mti bafuni, mwagie maji kwa nguvu kidogo upande wa chini wa majani, asubuhi, kila baada ya siku mbili kwa wiki mbili. Mayai yake yanaanguliwa kwa zamu, ndio maana kuosha mara moja hakusaidii.

Ua likishasinyaa, likate juu kidogo ya jani la kwanza lenye vijani vitano, na hapo ndipo kitakapochipua kijiti kipya chenye ua baada ya wiki sita hivi. Tumieni mkasi mdogo wa jikoni. Mkasi wa kitambaa ni wa kitambaa, na atakayeugusa mkasi wetu kwa ajili ya miti tutakosana.

Vijiti mnavyokata msitupe. Miwaridi hii inaota kwa mizizi yake yenyewe, haiungwi juu ya mti mwengine kama mawaridi makubwa, na kwa hivyo watu wa Mauborget na Onnens waliweza kupeana bila fundi. Chukua kijiti cha urefu wa kidole kilichomaliza kuchanua, toa majani ya chini, kichomeke kwenye mchanga wa mtoni uliochanganywa na makumbi, funika na mfuko wa plastiki wenye tundu mbili tatu, weka kivulini. Masika ndio wakati wake, hewa ina unyevu. Wiki ya tatu au ya nne vuta kidogo kwa vidole: kikikataa kutoka, kimeshika mizizi. Mfuko uondolewe kwa siku chache chache, kwanza usiku tu, kisha mchana kutwa.

Yule bibi harusi wa baibui mti wake ulikuwa umebaki vijiti vitupu, lakini tulipokwaruza gome kwa ukucha ndani kulikuwa kijani. Tumemkatia vipande vitano. Vitatu vimeshika, na viwili kati ya hivyo amesema atampelekea wifi yake.